Mishono Ninayoichomelea Mume Wangu Akilala

Shangazi, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana kugombezwa najua nitagombezwa, na wala sikukuandikia ili unisifu, nimekuandikia kwa sababu maji yamenifika shingoni na humu ndani sina wa kumwambia, tuko watatu tu katika familia, mmoja ni mume wangu na ndiye ninayemficha, mwingine ni mwanetu wa pekee na ndiye atakayekufa nikiendelea kunyamaza.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wanamwita Mstari kwa sababu mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba watu walipitisha kidole kwenye geti jipya wakatikisa kichwa tu. Sasa macho yake yameota doa katikati, yote mawili, anaona pembeni, ukikaa mbele yake haoni uso wako, anaona masikio, na mimi hunitania kwamba siku hizi ameoa hereni, nacheka naye, halafu naingia jikoni nalia. Daktari wa macho alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi na kazi ya moto aiache. Akafunga karakana, akawaambia wateja ni mgongo, mwanetu naye akaambiwa ni mgongo, na mimi nikaapishwa. "Ukimwambia mwanao habari za macho," aliniambia, "hesabu umeshanizika."

Basi akawa mtu wa kukaa kitandani anautazama ukuta, kuoga mpaka nimsukume, chakula anakichokonoa tu, mpaka siku mwanetu, ambaye ni kinyozi huko mji mwingine anakoishi, alipopiga simu na kumwambia, "Baba, ile pikipiki yangu vipi, au mgongo umekataa?" Ni pikipiki aliyomwonyesha baba yake kwa picha zamani, akaahidiwa kutengenezewa, ndefu, imelala chini, nyuma haina shokapu hata moja, gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, ukipita kwenye shimo hakuna cha kukupokea, pigo lote linaingia kwenye vyuma. Injini kuukuu mume wangu alikuwa nayo, fremu haikuwepo. Mume wangu aliinuka kitandani siku ileile, Shangazi, akaoga bila kusukumwa, akaniambia, "Mama, nishikie mabomba." Ningekataaje?

Tulifanya kazi kwenye kibanda nyuma ya jiko. Mimi nilikausha mchanga kwenye sufuria, yeye akaujaza ndani ya bomba ili lisibonyee, akaziba ncha, nikamshikia moto naye akapinda kwa kupapasa, na lo, alipinda vizuri, kushoto na kulia vikafanana kama masikio. Nilifurahi mpaka nikasahau. Lakini alipowasha mashine ya kuchomelea moyo ulinishuka, kwa sababu cheche inapowaka ni katikati, na katikati ndipo asipoona kitu. Mshono ulipita kando ya maungio, huku umeshika, kule umelala juu ya bomba moja kama konokono aliyepotea njia. Akavua ngao ya uso, akauliza, "Umenyooka?" Nikasema, "Umenyooka."

Hapo ndipo nilipoharibu. Alipoenda kulala baada ya chakula cha mchana, maana dawa zinamlaza, nikavaa ngao yake na kuupitia ule mshono upya. Kuchomelea alinifundisha mwenyewe tulipoanza maisha, madirisha mengi ya mtaa huu yana mkono wangu. Alipoamka akapapasa, akatabasamu, akasema, "Mkono bado ninao." Shangazi, tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu kwa daktari, ningelinyang'anyaje? Ikawa ndiyo desturi yetu, asubuhi anachomelea yeye, mchana narudia mimi, jioni anajisifu. Na akili imeanza kumchoka, siku hizi anaenda kulala bila kuzima mashine, ngao ya uso anaiacha kwenye kiti changu na vijiti vya kuchomelea amevitoa kwenye boksi, mimi naona ni usahaulifu tu na nashukuru, hainipi kazi ya kutafuta.

Kilichobaki kilikuwa shingo, pale uma wa mbele unapoingia kwenye fremu, mahali ambapo pakiachia hakuna cha kushika tena. Siku hiyo alinituma sokoni kutafuta misumari, na misumari imejaa kibandani. Niliporudi nilimkuta anaimba. Shingo ameshaichomelea peke yake na juu yake amefunika mabamba mawili mazito ya kuimarisha, kushoto na kulia, mshono wa chini hauonekani wala haufikiki. Nikasubiri alale, nikafanya kipimo alichonifundisha kwenye matangi ya maji, nikapaka chaki kwa nje, kwenye kingo za mabamba, na kumimina mafuta ya taa kwa ndani kupitia tundu la shingo, na chaki ikalowa kuzunguka karibu shingo yote. Maana yake chini ya yale mabamba hakuna kitu, ni bomba limekaa karibu na bomba.

Nikamwambia kwa kuzungukazunguka, "Baba, shingo tungemwonyesha fundi mwingine, kwa usalama tu." Uso ulimshuka. Akasema, "Hata wewe?" Kesho yake nikamwomba radhi, nikasema nilikuwa natania. Akaipaka rangi nyeusi, fundi pikipiki akaja kufunga injini, imesimama hapo kibandani inang'aa, kila anayepita anaisifu, na mwanetu anakuja mwisho wa mwezi kuichukua aiendeshe mpaka kwake, njia yenye mteremko na matuta.

Nimewaza kuisukuma ianguke nisingizie bahati mbaya. Nimewaza kumwambia mwanangu asiipande bila kumpa sababu, lakini namjua, atacheka tu. Nikimwambia mume wangu ukweli, kwamba mishono yote anayojisifia ni yangu na ule mmoja wa kwake ndio utakaomuua mtoto, nitamrudisha kwenye ule ukuta na safari hii hatainuka. Nisipomwambia, namzika mwanangu. Kula siwezi, Shangazi, na kila nikisikia anaimba nasikia uchungu. Nifanye nini?

Mimi, Mke wa Mstari

*

Mke wa Mstari, marahaba.

Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote kwa sababu mwisho wa mwezi hausubiri gazeti. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachukue ufunguo wa hiyo pikipiki uutie kwenye pochi yako. Nenda kwanza. Umerudi? Haya, kaa.

Pole, mwanangu. Kumtazama mwanamume aliyekutunza na kukuchekesha akipotea kidogo kidogo mbele ya macho yako ni msiba, tena msiba usio na watu wa kuja kukufariji, kwa kuwa mmeuficha. Hilo nalijua na sikulaumu kwa kulia jikoni.

Sasa la kukugombeza. Nimemuuliza fundi wa kuchomelea aliye jirani na ofisi yetu, mtu asiyependa maneno mengi. Nilipomwambia umepitisha mshono wako juu ya mshono ambao haukushika, alishika kichwa. Anasema hiyo ni kumpaka mgonjwa poda. Mshono mbovu hukatwa ukatolewa wote, haufunikwi. Wewe unahangaika na shingo tu, kana kwamba kwingine kuko salama kwa kuwa umekugusa. Mkono wako ni wa madirisha, mama. Dirisha halipandi matuta na wala halibebi mtu. Fremu yote hiyo, toka shingo mpaka gurudumu la nyuma, haifai kupandwa, na nusu ya ubovu wake ni wako.

La pili litakuuma zaidi. Unaniambia mumeo amekuwa msahaulifu. Hivi kweli unaamini fundi mzima amelala, mashine inanguruma nyuma ya jiko, umeme wa nyumba unafifia kila unapogusisha chuma, harufu ya kuungua imejaa nyumba, na yeye hajui? Mtu aliyepapasa mishono maisha yake yote, ashindwe kuutambua mkono wa mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe? Anakuachia mashine inawaka. Anakuwekea ngao kwenye kiti chako. Anakutolea vijiti kwenye boksi. Huyo hasahau, mama, huyo anakuandalia kazi. Anajua tangu mwanzo, na amevumilia kwa sababu na yeye alitaka kukuona ukitabasamu.

Halafu akakutuma misumari. Alitaka kimoja kiwe chake. Kimoja tu, katika pikipiki nzima ya mwanawe, ambacho mkono wako haujapita juu yake. Ndiyo maana aliimba, na ndiyo maana ulipoitaja shingo alisema "hata wewe". Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikatoka nje kidogo. Lakini kumwonea huruma hakutaifanya shingo ishike.

Mawazo ya kuiangusha tupilia mbali. Ikipinda ataitengeneza tena kwa mikono ileile, na wewe utairudia kwa uongo uleule. Fanya hivi.

Mpigie mwanao leo, sio kesho. Mwambie baba yake haoni. Usianze na pikipiki, anza na macho. Najua uliapa, lakini kiapo cha kumficha mtu ugonjwa hakikufungi pale roho ya mtu mwingine inapokuwa hatarini, na huyo ni mtoto wake, alipaswa kuambiwa siku mlipotoka kwa daktari. Mwambie asije kuchukua pikipiki, aje kumwona baba yake.

Wakishakaa wote wawili, mpeleke mume wako kibandani. Usimhubirie. Mkishautoa uma na kukwangua rangi, paka chaki, mimina mafuta ya taa, kisha ushike mkono wake uuweke pale. Macho hana, ila vidole na pua anavyo. Ataijua chaki iliyolowa, na harufu ya mafuta yatokayo upande wa pili haitahitaji mkalimani. Usimwambie amejitahidi. Usimwambie si kitu. Mwambie, "Na mimi nilirudia mishono yako, nisamehe," kisha unyamaze na umwache afanye atakalofanya. Akitukana, atukane. Akitoka nje, mwanao amfuate.

Fremu ikatwe mbele yenu. Akitaka kushika grenda mwenyewe, mkatalie kabisa, mashine ile haina huruma na asiyeona. Mwanao akate, yeye ashikilie upande mwingine, ausikie uzito unavyoachia. Mabomba aliyoyapinda kwa kupapasa yawekeni pembeni, hayo ni kazi yake na kwa ulivyoeleza hayana kasoro. Kama fundi mwenye macho mazima ataridhika nayo, mwanao atapata fremu ambayo mapindo yake yote ni ya baba yake. Kama hataridhika, mtoto apande basi.

Sitakudanganya kwamba atafurahi. Huenda akarudi kuutazama ule ukuta, na huenda akakaa hapo muda mrefu. Rudini kwa daktari wa macho, mumuulize wapi wanawafundisha watu waliopoteza macho kutembea, kupika na kufanya kazi za mikono, maana mahali hapo pako na hamkwenda kwa sababu mlikuwa mnashughulika kuficha. Kuna uwezekano asikusamehe upesi, wewe wala mimi. Mimi nimeshazoea.

Mtalia humo kibandani, najua, na majirani watasikia. Lieni tu, mkiwa bado watatu.