Mstari wa Mwisho wa Mzee Edmund

Jumatano, Aprili 2006. Arlington, Texas.

Upepo tangu asubuhi. Mbingu ina ile rangi ya kijani chafu ambayo watu wa huku wakiiona wanaingiza magari gereji na kuwasha televisheni. Mtangazaji anasema tukae macho, kimbunga kinaweza kushuka popote kati ya hapa na Dallas. Siku nyingine ningekuwa nimeshatafuta tochi na kupiga magoti. Leo kimbunga hakinitishi. Ninaogopa simu.

Iko hapa mezani kando ya kompyuta. Mzee Edmund yuko hospitalini Fort Worth. Mimi ndiye niliyeita ambulensi. Binti yake, Caroline, yuko njiani kutoka Houston, na amesema akishaongea na daktari atanipigia. Hakusema kwa sauti nzuri.

Wacha niandike. Nikikaa hivi hivi nitalia.

Kwa anayepita kwenye blogu hii bila kunijua: mimi ni Nduta. Mchana ninahudumia wazee majumbani mwao, jioni ninasomea unesi. Tangu mwaka jana nimekuwa na mzee mmoja tu, nyumbani kwake Mansfield, mji wa jirani, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni Mwingereza, na alikuwa mwigizaji. Si mwigizaji wa kubahatisha, jamani. Baba yake alikuwa na bucha katika mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, naye kijana akaikimbia ile bucha, akaenda London kushika mkuki jukwaani nyuma ya wafalme, bila neno hata moja la kusema. Baadaye akapewa neno, kisha sentensi, kisha yeye mwenyewe akawa mfalme, na magazeti yakamwandika.

Halafu sinema zikamwita, na huko hawakumtaka mfalme. Walitaka mtu mbaya mwenye sauti nzuri. Kwa hiyo kazi yake ikawa kufa. Amenyongwa, amelishwa sumu, ametupwa kutoka juu ya mnara, na safari moja, Naivasha kwetu Kenya, ameliwa na simba ambaye anasema alikuwa mzee na alipiga miayo siku nzima. Kiswahili chake chote alikiokota huko: lete, haraka, chai. Nikamwambia mimi siletewi amri za kwenye sinema, kwetu watu husema naomba. Kesho yake akasema "naomba chai" kwa heshima zote, utadhani anaposa.

Yeye huniita Sista, kama Waingereza wa zamani wanavyomwita muuguzi. Nimemwambia bado sijahitimu. Anasema hata yeye alivaa taji kabla hajajua kulivaa.

Mkewe alipofariki, Caroline alimleta Texas. Kisha kazi ya mume wa Caroline ikawahamishia Houston, na mzee akagoma kuhama tena. Amebaki Mansfield na picha zake. Zimejaa ukuta wa sebuleni, na zote, hata ya harusi, zinaonyesha upande wa kushoto wa uso wake. Ndio upande mzuri, anasema. Mpiga picha mmoja wa London aliamua hivyo naye hakuwahi kubishana. Siku yangu ya kwanza nilikaa kulia kwake. Akaninyanyua, akakihamishia kiti changu kushoto, na tangu siku hiyo ndipo pangu.

Wiki ile ile ya kwanza nilimkuta chini jikoni, mkono kifuani, macho yamemtoka. Nikapiga 911, namba ya dharura, huku nikimwita Yesu. Watu wa ambulensi walipoingia alikuwa ameshakaa kitako, anawauliza kama kifo chake kilikuwa kirefu mno. Alikuwa anafanya mazoezi ya kufa tu, alisema. Kazi ya mtu haisahauliki.

Caroline hakucheka. Aliniambia kwamba siku nyingine nimpigie yeye kwanza, na kwamba nikiita tena ambulensi kwa sababu ya mchezo, ataomba ejensi iliyoniajiri imletee mtu mwingine. Mama Furaha, Mkongo anayekaa Vickery Meadow kule Dallas na kushika zamu ya wikendi, yeye alicheka mpaka akakohoa.

"Eh, dada! Ule muzee anakufaka kila siku. Miye nilishazoea. Akikufa unamuambia tu, chakula iko tayari. Anaamuka."

Mimi sikuzoea. Kila alipokufa, moyo wangu ulikufa naye, halafu nikacheka kwa adabu. Nilichoshindwa kumweleza mtu ni kwamba kulikuwa na jambo lililonitisha kuliko vifo vyake vya uongo. Baba yangu alikuwa mgonjwa nyumbani Nyahururu, na kila nikipiga alisema, "Niko sawa kabisa, wewe soma." Sauti yenyewe nzito, changamfu. Akasema hivyo Jumapili, na juma halijaisha kaka yangu akapiga kuhusu mazishi. Tangu hapo mtu akiniambia yuko sawa kabisa, nasikia baridi.

Sasa, leo.

Jumamosi hii mzee alikuwa asome kwenye maktaba ya kule Mansfield. Wamemwalika, wamebandika picha yake mlangoni, upande wa kushoto bila shaka. Alichagua hotuba ya kufungia mchezo wa zamani aliocheza ujanani: baba aliyeachwa peke yake, anaongea na viti vya watoto wake. Amefanya mazoezi mbele yangu siku zote hizi nikikunja nguo. Na kila mara anakatiza kabla ya mwisho. Mstari mmoja anaubakiza.

Ni mwiko wa waigizaji. Mstari wa mwisho hausemwi mazoezini, kwa sababu ni mali ya watazamaji. Ukiusema mbele ya viti vitupu, umeufunga mchezo kabla haujafunguliwa, na yatakayokupata ni yako. Mimi ni mtu wa kanisa, mikosi siiamini. Lakini amenyamaza pale pale mara nyingi mpaka nami nikawa nakunja nguo polepole tukikaribia.

Nilipofika leo alikuwa ameshavaa, shati na sweta, ameketi kando ya dirisha. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa. Akanionyesha pa kukaa, kulia kwake. Nikadhani anakwepa mwanga, maana mbingu ilikuwa inatisha. Akaomba chai. Nikampelekea, hakuigusa. Nikachukua nguo zangu nikaanza kukunja, naye akaanza kusema ile hotuba, anatazama nje.

Sijawahi kumsikia akiisema hivyo. Hakupaza sauti. Nilisahau kukunja.

Akafika pale pa kunyamaza, na hakunyamaza.

Alisema mstari wa mwisho. Sitauandika hapa. Naogopa hata kuuandika.

Nikabaki na shati lake mkononi. Nikamwambia, "Mzee, umeusema." Akajibu kwamba ndiyo, ameusema. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa kabisa, Sista."

Mungu wangu, ile sauti. Nzito, changamfu, imetoka kifuani, na kidevu kimeinuka. Nimemtazama mwaka mzima akifa, kwa hiyo namjua anapoigiza: sauti hushuka kifuani, kidevu hupanda. Leo alivifanya vyote viwili ili aniambie yu mzima. Mzee Edmund alikuwa anaigiza afya.

Nilishika simu na nikaganda. Nikiita ambulensi na iwe mchezo tena, nimepoteza kazi, na karo ya unesi inatoka kwenye kazi hiyo. Nikimpigia Caroline kwanza, huenda yuko mkutanoni. Nikamwomba mzee anigeukie. Akaniambia nikae nilipo, kwa amri, kama yule bwana wa sinema ya Naivasha. Nikasimama, nikazunguka kiti chake nikaenda kushoto, mahali pangu.

Ule upande mzuri ulikuwa umeanguka. Pembe ya mdomo imeshuka, jicho limelegea, na mkono wa kushoto ulikuwa umefichwa kwenye mfuko wa sweta. Nikautoa. Ulikuwa mzito na haukunishika.

Kiharusi. Tumekisoma darasani muhula huu huu.

Sikumpigia Caroline. Nilipiga 911, na nilipokuwa nawaelekeza nyumba, mzee alinishika sketi kwa mkono wa kulia. Alisema nisiwaite. Alisema huko hospitalini watamwita "mpenzi" na "babu" na hakuna atakayejua yeye ni nani. Sasa sauti haikuwa ya kifuani. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeogopa, na nadhani hiyo ndiyo sauti yake mwenyewe, ya mtoto wa bucha. Nikamwambia naogopa pia. Nikamuuliza imeanza lini, akasema wakati anavaa. Nikawaza vifungo vyote vile vya shati, kwa mkono mmoja.

Walikuja haraka. Walipomlaza kwenye machela alinitafuta kwa macho. Niliinama nikidhani anataka kuniachia neno la Caroline.

"Sista," akasema, mdomo umepinda, na nakuapia alikuwa amekasirika. "Hukupiga makofi."

Wakafunga milango.

Nilimpigia Caroline nikiwa nimesimama barabarani. Aliuliza kama nina hakika mara hii. Nikamwambia nina hakika. Akasema anawasha gari. Mama Furaha nilimpigia baadaye, naye hakucheka. "Ulifanya muzuri, dada. Tunamuombea." Nikamuuliza kama nilichelewa. Akasema yeye hajui, na nimeshukuru kwamba hakunidanganya.

Kwa sababu ndilo ninaloogopa. Nilikunja nguo. Nilikaa pale kulia kwake, hotuba nzima, na shati lake mkononi, na saa ya mgonjwa wa kiharusi haisubiri hotuba. Nikiwa na akili timamu najua kwamba nilipoona nilitenda. Lakini leo sina akili timamu, nina simu.

Na ninaelewa sasa kwa nini aliusema. Alihisi mkono unamwacha akajua Jumamosi haitafika. Hakutaka kuondoka na ule mstari. Akatafuta watazamaji akawapata: msichana mmoja wa Nyahururu na kikapu cha nguo. Alinikalisha, akanipa upande mbaya wa uso wake ili nisione, na akanipa mchezo wote. Maktaba nzima nilikuwa mimi.

Aliwahi kuniambia kwamba baada ya mstari wa mwisho huja kimya kidogo, na katika kile kimya mwigizaji hajui chochote, kama wamempenda au wanamchukia. Huogopa kila usiku, alisema, hata baada ya miaka mingi. Kinachomaliza mchezo ni makofi. Kabla ya hapo bado uko ndani yake.

Basi bado tuko ndani yake.

Upepo umetulia kidogo, jua linatoka chini ya mawingu kwa upande wa Fort Worth. Simu haijalia. Naogopa ikilia na naogopa isipolia. Ikilia na habari ikawa mbaya, sijui nitafanyaje. Ikiwa si mbaya, asubuhi nitaing'oa picha moja ukutani niwapelekee wauguzi, wajue huyo waliye naye ni nani, nami nitabeba kiti nikakae kushoto kwake, ingawa upande huo umeanguka.

Makofi yake ninayo hapa mapajani. Simpi mpaka aje kuyadai mwenyewe, amesimama.