Nusu Mshahara Wakati Ziwa Limefungwa

Jumanne, Gungu

Hatimaye nimesema.

Tangu ziwa lifungwe kwa uvuvi ili samaki wazaliane, sisi wafungasha dagaa tuko nyumbani kwa nusu mshahara, kama tulivyokubaliana na bosi. Wiki iliyopita akaikata hiyo nusu yote kwa ujumbe wa simu tu. Wenzangu wakaogopa kulalamika, wasije wakaachwa ziwa likifunguliwa. Hata mimi naogopa.

Leo nimekwenda na mwenzangu mmoja, Mama Zawadi, kwa afisa kazi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hawezi kubadili makubaliano peke yake bila kukaa nanyi." Akampigia bosi mbele yetu.

Jioni bosi akanipigia mwenyewe. "Mama Neema, mbona hukuja kwangu kwanza?"

"Nilikuja, bosi. Getini nikaambiwa hutaki kuonana na mtu."

"Basi njooni kesho wote, tuzungumze."

Sijui atasema nini. Unga nao unakaribia kwisha, na viatu vya Neema vya shule...

Ila mwenzetu Tatu, aliyekataa juzi kwenda nami kwa afisa kwa kuwa hataki matatizo, katuma ujumbe sasa hivi: "Kesho mnipitie nyumbani Kasingirima. Nakuja na wenzangu."