Boliti Ulizozipondaponda

Majengo, Songea

Baba Tasila,

Kawaida ya barua ni kuulizana hali. Hali yako naijua, nilikuwepo wakati wanakufukia. Yangu utaisikia sasa hivi, na usitegemee kuipenda.

Naandika mwenyewe. Tasila alitaka nimtajie maneno yeye aandike, nikakataa, maana mtoto wako ana tabia ya kulainisha. Mimi sitaki ulainishiwe. Herufi zangu ni kubwa, ndivyo tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukinichungulia dirishani na kucheka. Cheka tu.

Jambo lenyewe ni jiko. Lile letu kubwa la udongo la kuchomea, lenye tumbo na kifuniko, ulilotaka lifanane na lile la mzungu wa misheni. Chungu nilifinyanga mimi, vyuma ukaweka wewe. Chungu hakijanisumbua hata siku moja. Vyuma vyako ndivyo vimenitoa jasho mwezi huu mpaka nikakutukana. Nimeungama, kwa hiyo usinishitaki huko.

Bawaba ya kifuniko imekatika. Ililiwa na kutu taratibu, nikawa nasikia inalia, nikapuuza. Siku moja nageuza kuku, kifuniko kikaniangukia kwenye mkono. Mkono umepona. Lakini kesho ni misa yako ya mwaka, ndugu zako wa Namtumbo wanakuja, na wewe unawajua ndugu zako. Wakikosa nyama ya kuchoma watasema mjane amemzika mume pamoja na ukarimu. Mimi nami nilishajitapa mbele ya jumuiya kwamba siku hiyo sitaazima jiko la mtu, watu watakula kutoka kwenye jiko letu. Nilisema kwa sauti. Sasa ningerudi vipi nyuma?

Nilidhani ni kazi ndogo. Bawaba yako ilibanwa pamoja na ule mkanda wa chuma ulioufunga chini ya mdomo wa jiko, kwa boliti mbili. Ufungue boliti, utoe mbovu, uweke mpya. Na mpya zipo. Siku hizi hapa Majengo ukitaka boliti wanakumwagia kwenye sinia kama karanga, unachagua. Wewe ungelia. Unakumbuka tulivyokuwa? Zile mbili ulizitoa kwenye lori bovu la tumbaku, ukazileta zimefungwa kwenye leso kama dawa, ukalala nazo chini ya mto.

Halafu ulipomaliza kuzikaza ukazipondaponda ncha kwa nyundo mpaka zikatanuka kama uyoga. Nilipoziona nikakuuliza sasa hizo atazifungua nani. Ukanijibu bila kuniangalia, "Ndiyo maana yake, Mama Tasila. Asifungue mtu. Wezi wamejaa." Nikakubali, maana miaka ile kweli watu waliiba hata kengele ya baiskeli ya katekista.

Wezi wale wamezeeka, Baba Tasila. Hakuna anayeiba boliti tena. Nimebaki mimi nahangaika nazo.

Nilimwaga mafuta ya taa. Nikangoja. Nikamwaga tena. Nikachukua spana yako, nikaning'inia juu yake kama nachota maji kisimani. Nati ikazunguka, nikafurahi, kumbe ni spana inazunguka, nati imeisha pembe zote na imekuwa duara kama kifungo. Nikakaa chini. Hapo ndipo nilipokutukana.

Tasila akamleta mume wake. Egno ni fundi baiskeli, mkono wake si mbaya, lakini ni mkwe, na mkwe hafokewi. Unajua ilivyo. Yeye uani, mimi kule kwenye mlango wa jikoni nimempa mgongo, Tasila katikati anabeba maneno. Egno ameshika tindo na nyundo, nasikia anagonga kuelekea kwenye udongo badala ya kwenye chuma. Nasema, "Mwambie asigonge upande huo." Mpaka Tasila amfikie, ameshagonga mara nyingine. Kipande cha mdomo kikaruka, kidogo, kama ukucha. Nilisikia kwenye meno yangu.

Nikamfokea kuku. Nilisema kwa nguvu, "Wewe kuku, endelea kudonoa hapo, utavunja kitu ambacho hukukifinyanga." Egno akaweka nyundo chini. Kuku naye akaondoka.

Baadaye akamtuma Tasila. Eti anaona mkanda ukatwe wote utupwe, chungu hakihitaji mkanda, kifuniko tutakuwa tunakiinua kwa mikono. Nikasema mkwe wangu ana akili. Hata mimi ndivyo nilivyosema siku zote kuhusu mkanda ule. Chungu kile nilikikanda kwa udongo uliochanganywa na vigae vilivyopondwa, nikakikausha kivulini bila haraka, nikakichoma kikatoka kinalia kama kengele. Ya nini kukifunga tumbo kama mzazi aliyejifungua juzi? Lakini mimi nilikwenda kwenye msiba wa shangazi Tunduru, nikakuachia kazi moja tu, kukitoa kule tulikochomea ukilete nyumbani kwa mkokoteni. Niliporudi nikakuta umeshakivika mkanda, bawaba ipo, boliti zimepondwa. Nikajua ni mbwembwe za fundi. Miaka yote nimeuangalia mkanda ule nikisema mwanaume huyu hawezi kuona kitu bila kukitia chuma.

Tulianza kuukata. Misumeno ya siku hizi inang'aa dukani, ukiigusisha kwenye chuma chako inakatika kama biskuti. Egno akarudi kwenye baiskeli zake. Nikachukua tupa yako, nikavuta kigoda, nikaanza kusugua zile ncha mwenyewe. Kila nikimaliza kufua, nasugua. Mkono umeota malengelenge, shingo imekakamaa, unga wa chuma mpaka kwenye uji. Nasugua nakusema. Majirani wakidhani nasali.

Boliti ya kwanza ikatoka. Ya pili nikaigonga kidogo, nayo ikatoka. Nikauvuta mkanda kwa hasira, kwa furaha, nauvuta hivi.

Chungu kikalia tk.

Nikaangalia. Ufa. Umeanzia mdomoni umeshuka kiganja kizima. Pale juu ulikuwa umefunikwa na bawaba, chini yake umefunikwa na mkanda, ndani umefunikwa na masizi. Nao umezibwa. Udongo wa kichuguu na majivu, umepakwa kwa kidole, alama za kidole zipo mpaka leo. Si kidole changu. Mimi silazi udongo namna ile. Ule umelazwa na mtu aliyezoea kupaka grisi.

Na sasa mkanda umelegea, ufa unafunguka, naona mwanga unapita. Nikakikumbatia. Nilipiga magoti uani nimekikumbatia chungu kama mtu anayezuia watu wasigombane, naita Tasila, Tasila. Akaja na kanga ya kukifungia, haikutosha. Akamkimbilia Egno. Egno akaja, akashika mkanda kutoka upande wake, mimi nimeshika chungu kutoka upande wangu, vichwa vyetu vimekaribia kugongana, mkwe na mama mkwe. Jambo hilo hakuna atakayelisema nje. Akausukuma mkanda ukarudi mahali pake, akaubana kwa waya. Ufa ukafunga mdomo.

Ulikidondosha. Huko njiani, na mkokoteni wako, ulikidondosha.

Wezi. Mwizi gani wewe. Mtu uliyekuwa unamfungia nje ni mimi. Uliogopa mkono wangu kuliko mkono wa mwizi. Miaka yote hiyo nakula kwenye jiko lile, nakusema kwa mkanda, wewe unakaa hapo unatafuna paja la kuku, kimya. Na mkanda ndio ulioshika kila kitu. Ningeukata, nikawasha moto, kesho ndugu zako wangekula vigae.

Ungeniambia. Ningefoka, ndiyo, ningefoka mpaka mavuno. Halafu ningekwenda mtoni kuchimba udongo mwingine, na wewe ungebeba. Ndiyo hasira yangu. Umenipunja ugomvi ambao ulikuwa wangu, na sasa sina wa kugombana naye ila kuku.

Basi nisikilize. Bawaba mpya imekaa, inafunguka bila kulia. Boliti mpya zimepita, ni laini, si kama zako, lakini Egno amezikaza vizuri. Nimewasha moto mdogo, nikaongeza, nikaongeza. Ufa umenyamaza. Alama za kidole chako sikuzigusa, zipo chini ya mkanda.

Egno alipokuwa anakusanya vifaa vyake nikamwambia Tasila amwambie aniachie nyundo. Nikapiga ncha za boliti, moja, halafu nyingine, mpaka zikatanuka kama uyoga. Akaniuliza, kwa mdomo wa Tasila, siku bawaba ikikatika tena hizo atazifungua nani.

Nikamwambia asifungue mtu. Wezi wamejaa.

Ndugu zako hawatajua. Hilo nakuahidi, na unajua mimi nikifunga mdomo umefungwa. Watakula, watasema marehemu alikuwa fundi, nami nitaitikia. Barua hii nitawashia nayo mkaa kesho baada ya misa, ndiyo njia fupi niliyoiona ya kukufikishia.

Pumzika sasa. Lakini siku nikija, usijifanye umelala.

Mama Tasila