Mashimo ya Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Shemeji kanifukuza tena! Mashimo yake ya kufyatulia matofali yamejaa maji, viluwiluwi wa mbu wanarukaruka humo kama uji unaochemka. Nikamweleza: hii dawa ya kuua viluwiluwi ninayopita nikinyunyiza ni bakteria tu, kiluwiluwi akiila anakufa. Mtu haimdhuru, hata bata wake haiwadhuru. Akacheka. Eti sumu ni sumu, na mke wake ni mjamzito.
Mke wake ni mdogo wangu wa tumbo moja! Nani ana uchungu naye kunizidi?

Jumatano, 8 Mei
Mdogo wangu kapiga simu. Mume kapeleka matofali mjini, nije upesi. Nikamuuliza, na akijua? "Hatajua, dada. Mbu wananimaliza. Namhofia mtoto."
Nikabeba pampu mgongoni, nikanyunyiza mashimo yote. Yeye kajifungia ndani asionekane. Mimi fundi cherehani wa jirani kaniona kutoka dirishani kwake. Nikampungia mkono — mjinga mimi.

Alhamisi, 9 Mei
Nimechungulia. Wote wamekufa, wanaelea. Raha niliyoisikia!

Jumamosi, 11 Mei
Mdogo wangu ana homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Vipimo: malaria kali. Amelazwa.

Jumapili, 12 Mei
Mtoto katoka. Wa kiume. Hakulia.
Nesi alimweleza shemeji taratibu: malaria hii ilishaingia mwilini kabla ya dawa kumwagwa, na mbu wakishaota mabawa dawa ya majini haiwapati. Wapi! Fundi cherehani keshamwambia. "Umeniulia mwanangu!" — mbele ya wodi nzima. Nilikosa pa kuweka uso.

Jumatatu, 13 Mei
Shemeji kaja wodini na kaka zake wawili. Mama yupo pia. Swali moja tu: nani alikuruhusu kuingia kwangu?
Mdogo wangu kageukia ukutani. Chini ya shuka kanishika mkono, kaubana. Ninyamaze? Niseme? Sikuelewa. Mama akaniambia kwa sauti ndogo, sema mwanangu, ulijipeleka mwenyewe?
Ningesema nini? Ndoa yake ndiyo hiyo iliyobaki. Nikasema ndiyo, nilijipeleka.
Vidole vikaniachia.
Shemeji katoka kuwaita polisi. Nipo kwenye benchi la nje, naandika. Mlango wa wodi uko wazi. Mdogo wangu ananiona. Mama kakaa kitandani pake, anamuuliza kama ni yeye aliyeniita — anamuuliza tena.
Anavuta shuka mpaka usoni.