Rangi ya Kufika Mwanza

Jumatatu, 8 Januari
Nimechuma tangu asubuhi. Ukungu mpaka saa nne, vidole vimekufa ganzi. Orodha yangu ya chaki kwenye mlango wa stoo, tunda lichumwe rangi gani kwa safari ipi ili lifike limeiva, bado inasomeka. Tanga, chuma plamsi nyekundu. Dar, nusu nyekundu nusu kijani. Dodoma, kijani iliyoanza kuiva begani, karibu na kikonyo. Soko zima la Lushoto huja kuniuliza. Mwanza haimo. Nani hapa anapeleka plamsi Mwanza?

Mimi. Zaina wangu ameolewa huko. Mimba changa, anatapika hata maji. Anachotamani ni plamsi za mti wa nyuma ya nyumba, tena zilizoiva, chachu zinamuunguza kifua. Wiki iliyopita nilimpelekea nyekundu. Zikafika rojo. Mkwe akatuma picha. Aibu tupu.

Jumanne, 9 Januari
Mti umebakiza tenga moja. Nikikosea tena, mpaka msimu ujao.

Tumegombana na mama Zaina. Anasema basi linapita Mombo asubuhi, kesho yake liko Mwanza, kwa hiyo nichume zilizoanza wekundu. Mimi nimesema kijani kabisa. Sitaki picha nyingine. Akaniuliza, "Baba Zaina, unamchumia mtoto au unauchumia mlango wako?"

Swali baya. 

Jumatano, 10 Januari
Nimechuma kijani. Nyasi kavu chini, magazeti juu. Nimeshuka nazo mwenyewe mpaka Mombo, nikamkabidhi kondakta mkononi. Kwenye kona za kurudi nikaing'ata moja niliyobaki nayo mfukoni. Ngumu, chachu, haina habari ya kuiva, nikairudisha mfukoni. Siku moja haitoshi hata kidogo.

Mama Zaina alikuwa sahihi. Simwambii.

Alhamisi, 11 Januari
Basi halijafika. Mkwe amekwenda stendi mara mbili.

Jioni amepiga. Limeharibika Singida, wanasubiri kipuri.  Nimelima tuta ambalo nililima juzi.

Ijumaa, 12 Januari
Bado Singida. Wamesema wataondoka baada ya swala. Msikitini nimekaa nahesabu kwa vidole: siku ya safari, siku ya kukwama, na lile joto la bondeni. Nikahesabu tena: huenda zinaivia njiani. Nikajikuta natabasamu, imamu akaniangalia.

Jumamosi, 13 Januari
Zaina amepiga. Zimefika nyekundu, laini, hata moja haijapasuka. Amekula nne na zimetulia tumboni. Nimefurahi mpaka nikakaa kwenye gunia la karoti.

Mama Zaina amewatangazia majirani kwamba mumewe anazijua barabara za nchi hii nzima. Kufikia adhuhuri watu watatu wameniuliza Mwanza ni rangi gani. Nimekohoa, nikasema nina haraka.

Jumapili, 14 Januari
Manyunyu. Kazi hakuna.

Nimeshindwa kuificha. Nimemwambia mama Zaina habari ya ile plamsi ya mfukoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Aliikuta Jumatano hiyohiyo alipofua koti langu, imeng'atwa mara moja. Siku zote hizo alijua, na bado jana akanisifu mbele za watu.

Nimechukua chaki. Nimeandika Mwanza, mbele yake nikaacha wazi. Sijawahi kuvuka Korogwe mimi, naigawia nchi rangi. Mtoto akizaliwa tutakwenda wote wawili. Mama Zaina ameshasema siti ya dirishani ni yake.