Helmeti ya Baba Bupe

Chang'ombe, Temeke
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Sekela,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute miguu imepungua kuvimba, na shemeji Adelard bado anagombana na migomba yake huko Tukuyu. Sie wazima, ila joto linatutafuna, nalala nimejifunika kanga iliyoloweshwa maji. Najua utashangaa, barua siku hizi za simu. Lakini wewe dada ukipigiwa simu unaweka spika, ukoo mzima unasikiliza pamoja na kuku. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, tena umevaa miwani.

Habari kubwa ni ya mwanao Bupe. Kazini wamempa pikipiki. Si ya kuazima, amekabidhiwa kwa saini yake, kwa ile kazi ya afya ya kuzunguka Mbagala akikagua visima na vyoo vya watu. Walipelekwa watatu kufanya majaribio ya kuendesha, wanaume wawili na yeye. Aliyefaulu mara ya kwanza ni huyu wa kwangu. Mwanaume mmoja aliangusha koni zote, ikabidi arudie wiki nyingine. Leseni ya Bupe nimeionyesha kwaya nzima, na mchungaji aliiona kabla ya mahubiri. Mama Loveness wa nyumba ya pili akasema mtoto wa kike kupanda pikipiki ni kujitafutia kukosa mume. Nikamwambia Loveness hana pikipiki, na huyo mume mbona hatujamwona. Tangu siku hiyo hajaja kuniomba chumvi.

Sasa dada, pamoja na pikipiki wakampa helmeti moja ya ofisi, kioo kimepasuka na ndani inanuka vichwa vya watu. Bupe akasema atanunua vifaa vyake mwenyewe. Mie nikasema ya nini, wakati ya baba yake ipo?

Unaikumbuka, ile nyekundu. Miaka yote hii imekaa juu ya kabati, natunzia nyuzi na vifungo. Nilipoishusha kuifuta vumbi, nikaipandisha puani kama mjinga. Harufu yake haipo tena, imebaki ya kabati. Lakini nilimwona Wilbert wangu wazi, tarishi wa kiwanda, anatoka na bahasha kwenye begi la ngozi, amekaza mkanda chini ya kidevu mpaka sauti inabadilika. Alikuwa anaivaa hata akienda kununua mafuta ya taa hapo kona. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwita Mwanaanga, wakimkimbilia wamsaidie kufungua mkanda. Akirudi anaigeuza juu chini mlangoni, anaweka glovu zake ndani, ndipo anamnyanyua Bupe. Bupe naye anaingiza kichwa humo anapiga kelele asikie mwangwi. Siku zile dada tulikuwa na chumba kimoja na jiko la mchina, lakini sijawahi kujiona maskini.

Basi Jumatano tukaenda Kariakoo, duka la Mzaramo mmoja anaitwa Kondo, mtu wa maneno mengi lakini kazi yake anaijua. Niliibeba ile nyekundu kwenye kikapu, nia yangu aibadilishie kioo tu, na hela ibaki tununue koti.

Kondo hakuanza na kofia. Alianza na kichwa. Akampima Bupe kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, akaizungusha mpaka kisogoni. Akamletea moja, Bupe akaivaa, mashavu yakajikusanya kama anayenyonya embe. Mie nikasema inambana, lete kubwa zaidi ya hiyo, maana unajua nilivyowalea, sare ya shule nanunua ya kuvaa miaka mitatu. Kondo akaniuliza kwa adabu kabisa, mama, kwani fuvu la huyu bado linakua? Bupe akacheka mpaka akaegemea rafu. Akatuonyesha kwamba ukitikisa kichwa kofia isicheze peke yake, ngozi ya paji ifuatane nayo. Akafunga mkanda, akaivuta kwa nyuma kuelekea mbele, haikutoka. Ile kubwa niliyoitaka mie aliivuta hivyo hivyo, ikamvuka Bupe kama sufuria. Zile za nusu kichwa zinazovaliwa na vijana wa bodaboda akazikataa, akasema kidevu nacho ni mali ya mtu.

Nikataka ya rangi ya damu ya mzee, ifanane na sare ya kwaya. Kondo akasema dereva wa lori hajui habari za kwaya, anajua kinachong'aa, akaleta nyeupe. Tukachukua na koti lenye magamba magumu viwikoni na mabegani, na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Glovu nikaona anasa kwenye joto hili. Akanionyesha kiganja chake, chote kovu tupu, akasema mtu akianguka, wa kwanza kufika chini ni mkono. Nikafungua pochi.

Jambo moja tu lilinichoma. Bupe ana nywele za mabutu, na mafundo yale chini ya kofia yanaumiza. Akasema akifika nyumbani anafumua, atasuka twende kilioni, zilale kichwani. Unajua dada mara ya mwisho mie kusukwa twende kilioni ilikuwa lini. Ulinisuka wewe, tumekaa kwenye mkeka, nyumba imejaa watu.

Ndipo nikaitoa ile nyekundu kwenye kikapu. Kondo akaipokea kwa mikono miwili, sijui kwa nini. Akabonyeza sponji ya ndani kwa kidole, ikamomonyoka kama mkate wa juzi. Akasema mama, hii imekwisha, haibadilishwi kioo, miaka imeimaliza. Halafu akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kiganja juu yake yote. Akasema ajabu, haina hata mkwaruzo. Kofia hii haijawahi kugusa chini. Mwenyewe alikuwa dereva wa uhakika, bila shaka bado yupo anakula pensheni.

Bupe akamjibu kabla yangu. Akasema baba alikufa kwa pikipiki, na hakuwa ameivaa, aliiacha nyumbani kwa ubishi. Mie sitaki kuwa mbishi kama baba, akasema. Alisema taratibu kabisa, kama mtu anayetaja kabila lake. Amekua na maneno hayo. Ni ya kwako dada, uliyasema kwenye matanga na umeyarudia kila unapomwona kijana kwenye pikipiki, na sikulaumu, kwa sababu ulichosema ndicho nilichokuacha uamini.

Sasa soma polepole.

Ile Jumamosi tulikuja kwako Mbagala, wakati ule unakaa kule. Bupe alikuwa na miaka minne, anatoka kwenye surua, tumemwacha kwa jirani. Wilbert alinivalisha mie helmeti, maana alikuwa nayo moja tu na alisema kichwa cha mama wa mtoto kwanza. Ulinipa mayai ya kienyeji kumi na manane, ukasema mtoto ale mawili kila asubuhi arudishe damu. Ulinifungia kwenye mfuko wa rambo, ukatuaga mlangoni. Wilbert alikuwa na bahasha ya kupeleka Kongowe, kwa hiyo mie nilikuwa nipande gari nirudi mwenyewe. Tulipofika barabarani mfuko ukaanza kuchanika. Nikavua helmeti, nikaigeuza kama yeye anavyoigeuzaga, nikayapanga mayai humo na kanga yangu juu. Alininyooshea mkono aidai, nikamwambia wewe nenda tu, Kongowe ni hapo, mayai ya mtoto yatavunjika. Akacheka. Akasema haya, leo mwanaanga ni mayai. Akaondoka kichwa wazi. Ni mie niliyekataa kumpa.

Nilifika Chang'ombe na mayai yote kumi na manane, hakuna hata moja lenye ufa. Walipokuja kunipa habari nilikuwa nayahamishia kwenye bakuli. Wakaniuliza kofia yake iko wapi, nikasema ipo nyumbani. Kweli ilikuwa nyumbani. Kuanzia hapo kila mtu akamalizia mwenyewe, nami nikawaacha wamalizie. Mwanaume aliyeivaa kwenda kununua mafuta ya taa, nimemwacha aitwe mbishi miaka ishirini na mbili.

Bupe nimemwambia Alhamisi, kabla yako, nisamehe kwa hilo. Alikuwa amekaa chini anafumua nywele. Hakulia. Aliuliza tu yale mayai yalikwenda wapi. Nikamwambia, mwanangu, uliyala wewe, wapishi wa msiba walikuchemshia mawili mawili mpaka yakaisha. Akafumua mabutu matatu manne. Kisha akasema, kwa hiyo alivaaga siku zote. Nikasema siku zote. Ijumaa asubuhi akatoka na vifaa vyake vyote, mashavu yamejikusanya, akainama mlangoni akaniambia mama nifunge mkanda. Nikachelewa kuufunga, akasubiri, hakunisaidia.

Dada, sikuombi unitetee. Naomba Krismasi Bupe akija huko, na vijana wakikusanyika kuitazama pikipiki yake, usiwaambie tena kwamba shemeji yako alikuwa mbishi. Na kama utakuwa umenikasirikia, nikasirikie kwa barua, nami nitaisoma peke yangu.

Msalimie shemeji Adelard, wasalimie watoto na wajukuu, na kwaya ya huko waambie tunawapita kwa sauti. Mzigo unakuja na basi: sukari, kitenge chako, na trei nne tupu za mayai. Za plastiki ngumu, hazichaniki. Najua hujaacha kumfungia mayai kila mgeni.

Mdogo wako akupendaye,
Atuganile, mama yake Bupe