Mguu Wangu, Sahihi Yangu

Jumatatu, 2 Juni 1975
Sindano ya insulini imechemka. Nimejichoma paja la kushoto. Kisha mkojo kwenye kichupa, dawa ya bluu, moto. Umegeuka rangi ya tofali, yaani sukari nyingi. Siku ya nne sasa. Sukari haishuki, na kidonda cha kidole kidogo cha mguu kinanuka. Nimefundisha hivyo hivyo. Wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, wengi wana wajukuu, wamejifanya hawasikii harufu.

Alhamisi, 5 Juni
Hospitali. Kufungua bandeji kulichukua muda mrefu kuliko daktari kuangalia mguu. Ukatwe chini ya goti, kasema. Nikauliza kama mfupa umeoza. Akasema kwa kawaida huwa umeoza. Picha ya eksirei? Mashine ipo, filamu hakuna. Mpaka Mwanza.

Karatasi ya kukubali mguu ukatwe akampa mume wangu, Masanja. Siyo mimi. Masanja nilimfundisha mwenyewe kuandika jina lake, mwaka jana. Alishafika "Masa" nilipoivuta.

"Mguu ni wangu," nikamwambia daktari. "Kwanza nionyeshe mfupa."

Akasema nikichelewa nitakufa. Huenda. Nina hasira kuliko woga.

Ijumaa, 6 Juni
Mama mkwe amekuja kutoka Migato. Anasema nimerogwa na mtu anayenionea wivu kazi yangu. Anataka nikachanjwe kwa mganga. Nimekataa, akalia. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, hakuna wembe utakaogusa mguu huu mpaka nijue ndani kuna nini." Masanja hasemi nami. Afadhali.

Jumapili, 8 Juni
Malampaka, stesheni, safari ya Mwanza kupigwa picha. Nimefika juu ya lori la pamba, nimelala kwenye magunia. Homa. Chupa ya insulini nimeifunga kwa kitambaa kibichi isipate joto. Masanja sikumwita. Alipanda lori mwenyewe, akakaa upande wa pili. Treni ilichelewa. Aliponibeba kupanda behewa nilimruhusu, basi.

Jumanne, 10 Juni
Mwanza. Wametoa damu. Sukari iko juu sana, wamenipandishia dozi. Halafu picha. Bamba la baridi chini ya unyayo, nikaambiwa nisitikisike. Sikutikisika.

Daktari wa hapa ni mzee mpole. Ameinua filamu dirishani, akaniita mimi nione. Mifupa yangu. Kidole kidogo kimelika kama punje iliyoingiwa na fukusi. Mingine yote mizima. Mizima! Nimemfanya arudie, Masanja asikie. Kidole kitaondoka, mguu utabaki, ila sukari ishuke na nisiache sindano hata siku moja.

Karatasi ameniletea mimi. Nimeisoma yote, mstari kwa mstari, wakinisubiri. Kisha nimeandika jina langu lote, Kabula, kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 5 Julai
Nyumbani tangu jana. Natembea kwa fimbo, polepole. Watu wengi wako shambani, wanachuma pamba. Kimya kijijini.

Masanja amechemsha maji, akayaacha yapoe, akakaa chini kuosha kidonda pale kidole kilipokatwa. Mikono yake mizito, lakini anajitahidi. Akauliza kama inauma.

Nikasema ndiyo. Inauma sana.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Akaendelea kuosha.